Pongezi kwa Aliyechachusha Maziwa Yangu

Kizibo kilimpata mzee wa kiti cha mbele yangu kisogoni, basi likiwa linaipita Ubena Zomozi. Ulianza mlio kama wa tairi ya baiskeli, ukafuata ukimya, kisha yakaja maziwa. Yaligonga dari, yakachuruzika kwenye pazia, yakamalizia safari kwenye suti ya kijivu ya kijana aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam kwenye usaili. Mzee aligeuka taratibu huku anajipapasa kichwa.

"Kijana, umebeba nini humo?"

"Shikamoo, mzee wangu. Ni mtindi wa mbuzi."

Alinitazama kitambo. "Marahaba. Mtindi wa kwetu hauna risasi."

Niliomba radhi kwa wote, nikaanza na mzee, nikamalizia na konda, ambaye alitaka kujua kama mzigo ule nilikuwa nimeulipia. Leo nalipa deni jingine, ambalo hakuna abiria aliyelikumbuka: kumpongeza mhusika. Ndani ya basi lile sote tulikuwa tumesinzia, wengine midomo wazi. Waliokuwa kazini ni dereva, na wale waliokuwemo kwenye chupa yangu ya lita moja na nusu.

Chupa ilitoka Nyandira, Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Huko matuta ya kabichi na njegere yameanikwa kwenye mteremko kama nguo, na mnyama wa maziwa ni mbuzi, kwa sababu ng'ombe anahitaji mahali pa kusimama. Mbuzi wenyewe wana damu ya Norway. Mababu zao waliletwa miaka ya 1980, katika ushirikiano wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa huko. Wamekwishazoea. Wanakutazama kwa dharau ileile ya mbuzi wa Kiluguru.

Bibi aliyeniuzia alimimina mtindi, akakizungusha kizibo nusu tu, akanikabidhi. "Usikikaze, mwanangu. Mwache apumue." Nikamshukuru, na nilipofika kwenye gari nikakikaza kwa nguvu zote za mtu aliyesoma.

Kutoka Nyandira unateremka Langali, unapita Mlali, unaikuta lami Sangasanga, kisha Msamvu. Kule juu jioni watu wanavaa masweta; Morogoro mjini, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, sweta ni adhabu. Kwa abiria wa kawaida safari hiyo ni kona na vumbi. Ndani ya chupa, kila kona ilikuwa habari njema. Kuna ukoo wa bakteria uitwao Lactococcus unaopenda joto la wastani, lile linalomfanya binadamu aseme leo hali ya hewa nzuri. Unakula sukari ya maziwa na kutoa asidi laktiki. Asidi ikiongezeka protini zinashikana, na hapo ndipo tunapopata mgando. Kuna ukoo wa pili, Leuconostoc, ambao juu ya asidi hiyo hutoa diasetili, ile harufu ya siagi inayomfanya mtu afumbe macho kwenye funda la kwanza. Ukoo huo hutoa pia hewa ukaa. Hamira za porini, ambazo hazikualikwa na mtu, nazo hutoa hewa ukaa. Kizibo kikilegezwa, hewa inaondoka na ladha inabaki. Kikikazwa na msomi, vyote viwili vinabaki vikisubiri Ubena Zomozi, mahali ambapo msomi ataona chupa imevimba kama chura na kuamua kuichunguza.

Nataka isemwe kwamba hakuna kosa la kitaalamu lililofanyika mle ndani. Uswisi kuna bakteria wa ukoo mwingine wanaotoa hewa ukaa ndani ya jibini ya Emmental, wakaacha matundu, na matundu yale huhesabiwa kuwa ubora. Mnunuzi huyatazama kwanza kabla hajatoa pesa. Mimi nilipata tundu moja tu, la kwenye mdomo wa chupa, na aliyelitazama ni konda.

Kuhusu harufu, ambayo abiria wa dirishani aliilalamikia mpaka Chalinze, naomba pia haki itendeke. Mafuta ya maziwa ya mbuzi yamebeba asidi tatu, kaproiki, kapriliki na kapriki, na vimeng'enya vikiyakatakata mafuta hayo asidi zinaachiwa huru na kuanza kutembelea watu puani. Majina hayo matatu yametokana na neno la Kilatini la mbuzi. Wanakemia walinusa, wakaona hakuna haja ya kuzunguka. Tungeachiwa sisi kuzibatiza tungeziita asidi za beberu, na mjadala ungehamia kwenye siasa ya nje.

Sasa nimtaje mhusika kwa sifa za kiutumishi, kama inavyofanyika kwenye risala. Hajawahi kudai posho ya kikao. Hajawahi kusema mchakato unaendelea. Hana semina elekezi wala safari ya mafunzo Arusha. Akiwa kwenye maziwa yenye joto la kumtosha hujigawa wawili kwa muda wa saa moja hivi, mara nyingi chini ya hapo, kwa hiyo ukimwacha mmoja jikoni ukaenda kazini, unaporudi baada ya saa kumi unakuta elfu moja na ushee, wote wana ajira. Umeme ukikatika, ofisi zinafungwa. Yeye ndiyo anafungua. Katika nyumba yangu hakuna mwingine ambaye hitilafu ya umeme humwongezea uzalishaji.

Tumemlipa nini? Mwaka 1857 Louis Pasteur, akiwa Lille, Ufaransa, alieleza kwamba maziwa huchachushwa na viumbe hai. Ulikuwa utambulisho rasmi, wa kwanza wa heshima. Baadaye jina la mtambulishaji likapewa utaratibu wa kumchemsha mtambulishwa.

Na mimi nimemchemsha. Nikiwa mpangaji Kihonda niliamua kutengeneza mtindi kisomi: nilichemsha maziwa mpaka yakapanda mara mbili, nikayafunika vizuri kwa sahani, nikakaa mbali siku tatu ili nisiyasumbue. Niliyoyakuta yalikuwa yamekatika vipande, yenye uchungu wa mwarobaini na harufu ya tambara la kudekia. Nilimwita mama mwenye nyumba aje aone jinsi muuza maziwa alivyonitapeli. Akachovya kidole, akanusa, hakuonja.

"Umeua wenyeji," akasema, "nyumba ukawaachia wapangaji." Neno la mwisho alilisema huku ananitazama.

Alikuwa sahihi kuliko alivyodai kuwa. Moto huwaua bakteria wa asidi, lakini wapo wa jamii ya Bacillus ambao hujifungia ndani ya spora ngumu, wanavumilia mchemko, na maziwa yakipoa wanatoka kama watu waliokuwa wamejificha kodi. Hao hawana haraka na sukari. Wanazikatakata protini, na makombo yao ndiyo ule uchungu. Kutochemsha nako si ushujaa, maana maziwa mabichi huweza kuja na brusela au kifua kikuu cha ng'ombe, na asidi ya mtindi huwasumbua hao bila kuwamaliza. Kinachotakiwa ni kuchemsha, kuacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha kuwarudisha wenyeji: kijiko kimoja au viwili vya mtindi wa juzi. Mama mwenye nyumba aliniletea mbegu yake kwenye kikombe cha plastiki. Kikombe alikidai kila siku mpaka nilipohama.

Wakati huo huo ukungu ulikuwa unafanya kazi kwenye mkate wangu. Msimu wa masika Kihonda mkate wa boflo hauchukui muda kuota madoa ya kijani yenye rangi ya sare za mgambo. Niliutupa, na sikuona aibu. Baadaye nikaja kusoma kwamba kule Roquefort, kusini mwa Ufaransa, wakulima walikuwa wanaacha mkate wa shayiri nyeusi uote ukungu kwa makusudi, wakausaga, wakautia kwenye jibini ya maziwa ya kondoo na kuilaza kwenye mapango ya mlima Combalou. Ukungu huo, Penicillium roqueforti, hutembea ndani ya jibini kama mishipa ya buluu na kugeuza mafuta yake kuwa ule ukali unaopanda puani. Mwaka 1925 Ufaransa ikatunga sheria ya kulilinda jina la jibini hiyo. Nimejaribu kufikiria mkate wangu una upungufu gani, na naona ni anwani tu. Hakuna bunge lililokaa kwa ajili ya Kihonda.

Jambo moja lilinigusa kama mtu wa Morogoro. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa magamba ya jibini 137 kutoka nchi 10, wakitafuta wakazi wake. Wengi hawakuwa wametiwa na mtengenezaji; walihamia wenyewe. Na miongoni mwao walikuwemo bakteria wa jamii ambazo makazi yake yanayojulikana ni baharini. Jibini inayokaa kwenye chumba cha chini, mbali na pwani, ina wakazi wa bahari, na inasadikiwa wengine huja na chumvi. Sisi tuna mlima, tuna mito, tuna reli mbili, na bado tunaitwa mji kasoro bahari. Gamba la jibini limetupita.

Lakini sisi tuna kibuyu. Wafugaji wa Kimasai na Waparakuyo wa Mvomero na Kilosa hawakioshi kibuyu cha maziwa kwa sabuni, na afisa yeyote wa afya anayepita hushtuka ipasavyo. Kinasuguliwa ndani kwa kijiti chenye moto, mara nyingi cha mti wanaouita oloirien, yule mzaituni wa porini, majivu yanakung'utwa, maziwa yanatiwa. Moshi unawafukuza baadhi ya wakazi na kuwaacha wengine, na waliobaki wamejishikiza kwenye ukuta wa kibuyu wakisubiri maziwa ya kesho. Kibuyu kinakumbuka. Dumu la plastiki halikumbuki kitu isipokuwa mafuta ya kula yaliyokuwamo kabla. Ndiyo maana maziwa ya kibuyu cha nyumba moja hayafanani na ya nyumba ya pili, ingawa ng'ombe wamelala zizi moja, na mama wa nyumba hiyo anaweza kukuambia yapi ni yake akiwa amekupa mgongo.

Pale Sokoine, chini ya mlima, hata sensa yao ilishafanyika. Mwaka 2003 Mugula na wenzake walichapisha orodha ya waliomo ndani ya togwa, ile ya nafaka na kimea, na wakawataja kwa majina: Lactobacillus plantarum, Lactobacillus fermentum, Weissella confusa, Pediococcus pentosaceus, na hamira za aina kadhaa. Karani wa sensa aliyepita kwangu mwaka 2022 hakuuliza habari zao, nami sikujitolea kusema.

Heshima kubwa zaidi, hata hivyo, mkoa wetu umeipata kupitia miguu.

Kuna jibini iitwayo Limburger, ya kule Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani zinakopakana. Inasuguliwa kwa maji ya chumvi kila mara mpaka gamba lake linakuwa la rangi ya chungwa na kunata. Anayeifanya iwe hivyo ni bakteria Brevibacterium linens, ambaye hula vipande vya protini na kuachia gesi zenye salfa. Harufu yake sihitaji kuieleza kwa maneno magumu: mwanajeshi amerudi doria, amevua viatu. Na hapa sitanii. Bakteria huyo ana ndugu wa karibu, Brevibacterium epidermidis, ambaye makazi yake ni katikati ya vidole vya miguu ya binadamu, na kazi yao ni moja.

Miaka ya 1990 Mholanzi Bart Knols, ambaye alifanya utafiti wa mbu hapa Tanzania pia, pamoja na mwenzake Ruurd de Jong, walitaka kujua mbu wa malaria huchagua wapi pa kuuma. Mtu alikaa kwenye kiti karibu uchi, mbu wakaachiwa, wakahesabiwa walipotua. Anopheles gambiae walikwenda kwenye nyayo na vifundo. Miguu ilipooshwa kwa sabuni ya kuua bakteria, mbu wakapoteza mwelekeo, wakawa wanauma popote kama watu wasio na mpango. Basi watafiti wakaleta kipande cha Limburger. Mbu wakakifuata. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, na mwaka 2006 wawili hao wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya biolojia, ile inayotolewa kwa tafiti zinazoanza kwa kuchekesha.

Nimeitafakari habari hii usiku mwingi nikiwa nje ya neti. Mbu wa bonde la Kilombero hana tochi, hana ramani, giza ni totoro, mpunga umemzidi urefu mara mia kadhaa. Angefikaje kwangu? Ni yule mfanyakazi wetu, aliyejikalia kimya ndani ya kiatu changu tangu asubuhi, ndiye anayemwelekeza nyumba. Ukarimu wa kiwango hicho kwa mgeni asiyemjua, bila hata kuniuliza mwenye mguu, ni wa nadra siku hizi.

Na Ifakara, iliyoko mkoani kwetu, waliuchukulia ukarimu huo kwa uzito. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake wa taasisi ya afya ya pale walichapisha matokeo ya mchanganyiko walioutengeneza: amonia, hewa ukaa, asidi kadhaa za aina ya zile zinazotoka kwenye ngozi, na asidi laktiki, ndiyo, ile ile ya kwenye chupa yangu. Waliuweka kwenye kibanda kimoja cha majaribio, na kwenye kibanda kingine wakamweka mtu. Mchanganyiko ulivuta mbu mara tatu mpaka tano zaidi ya mtu. Soksi zilizovaliwa nazo zikaja kujaribiwa kwenye mitego. Nilisoma hayo kwa mchanganyiko wa fahari ya kimkoa na unyonge binafsi. Faraja niliipata mwishoni: mchanganyiko na mtu walipowekwa pamoja ndani ya kibanda kimoja, mtu hakuwa ameshindwa. Bado tunapendwa, tukionekana kwa karibu.

Sasa nirudi kwenye basi, maana nimemwacha kijana na suti yake. Wanawake wawili walimsaidia kwa khanga na maji ya chupa, na kufika Mlandizi lilikuwa limebaki doa lenye umbo la Pemba kwenye mfuko wa koti. Alinusa mkono wake. Akanusa tena. "Bro," akaniuliza kwa sauti ya chini, "huu mnauza wapi?" Nilimwelekeza Nyandira, nikamwambia asikaze kizibo. Mzee wa mbele alisikia, akatikisa kisogo bila kugeuka.

Robo tatu ya chupa ilikuwa imesalimika. Niliifikisha Mbagala kwa mama mdogo, ambaye tangu aolewe huko pwani analalamika kwamba maziwa ya mjini hayana mwenyewe. Alikunywa nusu bakuli akiwa amesimama, akafumba macho pale hasa diasetili inapotakiwa kufanya hivyo. Nyingine akaikoroga kwenye sufuria ya maziwa vuguvugu, vijiko viwili, kama mtu anayelaza mtoto. Akafunika kwa sahani, akachukua jiwe lake la kusagia, akaliweka juu.

"Jiwe la nini, mama mdogo?"

"Paka," akasema.

Jiko lake lina viti viwili. Nilichukua kile cha karibu na mlango.